Amplifaya Chini ya Kiti

Nikinusa waya unaoungua ganda, basi narudi kwenye miaka yangu tisa. Nimebanwa katikati ya baba na mama ndani ya pikapu yetu kuukuu, Jumapili asubuhi, twaenda kanisani Muheza na tumeshachelewa.

Baba alifanya kazi miaka mingi kwenye korona, ile mashine ya kuchakata mkonge, inavyonguruma mtu hasikii hata akiitwa jina. Ungedhani siku ya mapumziko angetaka kimya. Wapi! Alitaka redio ya gari ipige zaidi, tena kaseti moja tu: kwaya ya usharika wetu, ambamo mama aliimba ubeti wa pili peke yake kabla sijazaliwa.

Redio ilikuwa ileile ambayo pikapu ilitoka nayo kiwandani. Mafundi walimshauri aing'oe, aweke mpya ya kuchomeka flashi. Akakataa, maana hizo hazichezi kaseti. Akanunua amplifaya ya mtumba, akaifunga mwenyewe chini ya kiti. Jamani, hapo ndipo tulipokoma. Mara fyuzi imekatika, mara betri imekufa tunashuka kusukuma, mimi na gauni langu jeupe. Ikikubali kuwaka, spika zinapiga mluzi unaopanda kila akikanyaga mafuta. Tukimlalamikia, anauliza, mluzi gani? Mkaidi, tukasema.

Mama ndiye aliyemburuta kwa Fundi Shekue, njia ya Raskazone, mjini Tanga. Fundi akamwamkia baba shikamoo, akamulika chini ya kiti, akacheka. Baba alikuwa ameufunga waya wa ethi, ule unaoshikana na bodi, juu ya rangi.

"Mzee wangu, rangi haipitishi umeme. Hapa umeanika waya tu, kama kanga."

Akakwangua kwa msasa mpaka chuma kikang'aa, akakaza bolti. Mluzi ukafa. Tukamshukuru Mungu mapema mno, maana baba alifungulia sauti mpaka vioo vikatetemeka na vijana wa bodaboda wakageuka. Mama akaizima.

"Baba Neema, unatuua masikio. Unataka Tanga nzima isikie?"

Baba hakugomba. Akauliza taratibu, "Ubeti wako umeshaimbwa?"

Ulikuwa umepita sasa hivi. Mama akairudisha kaseti nyuma na kufungulia sauti mwenyewe, hadi mwisho. Mimi nikaziba masikio, nikinung'unika kwamba sasa wamechanganyikiwa wote wawili.

Nilipokua ndipo nikaelewa. Korona ilikuwa imeyala masikio ya baba kidogo kidogo, na sauti nyembamba ndizo zilizotangulia kupotea. Ya mama ilikuwa nyembamba. Baba hakulalamika kwa mtu. Aliongeza waya tu, akimtafuta mkewe, na sisi tukamlaumu kwa makelele.