Nimemtuma Neema maji katikati ya filamu yake

Leo nimemwaibisha mwanangu mbele za watu, na wala sikukusudia.

Neema anasomea filamu. Leo alikuwa maktaba ya Skärholmen, huku Uswidi, anaeleza jinsi sinema za zamani za Ujerumani zilivyowaonyesha wanaume wanaopendana, na wanawake pia. Aliniomba nikae mbele kabisa. Nikavaa na kitenge kipya.

Sasa, nyumbani kwetu, watu wakitaka kubusiana kwenye televisheni, mzazi anakohoa halafu anamtuma mtoto maji. Mnaijua hiyo.

Kwenye filamu, wanaume wawili wakasogeleana.

Mdomo ukanitangulia: "Neema, niletee maji."



Akasimamisha filamu. Akaenda, akaniletea glasi kwa mikono miwili, kama nilivyomfundisha.

Kisha akawaambia watu, kwa Kiswidi, taratibu: "Filamu hii ilichomwa na Wanazi. Kilichobaki ni hicho kipande tu."

Hakukiwasha tena.

Nimerudi nyumbani Fittja peke yangu. Maji sikuyanywa.

Na sasa ndipo ninapojiuliza kwa nini alitaka nikae mbele, kwa filamu ile hasa.

Mngekuwa nyinyi, mngempigia simu, au mngengoja aje mwenyewe?