Nilimsingizia Katana Kisanduku cha Sauti

Mkosa ni mimi. Nasema mapema ili usije ukanihurumia ukifika katikati.

Mimi ni mtu wa Shella, hapa Malindi. Nina chumba cha kurekodia muziki nyuma ya nyumba ya mamangu, kuta nimezibandika magodoro makuukuu. Kompyuta ndiyo kazi yangu. Muziki ulikuwa wa rafiki yangu, ambaye hapa nitamwita Katana. Kwao ni Vitengeni, na alikuwa mpiga kinanda wa kanisa lao.

Nilikuwa na kisanduku cha kuingizia sauti kwenye kompyuta, kile cha kuchomekea maikrofoni. Nilikipata kwa Mtaliano aliyekuwa akipiga muziki hotelini, alipokuwa anarudi kwao. Kisha kompyuta yetu ikaingiwa na virusi, nikaapa sitaki tena ile Windows ya wizi. Nikaweka Linux, mfumo wa bure ambao yeyote anaruhusiwa kuufungua na kuurekebisha.

Kisanduku kikanyamaza. Waliokitengeneza hawakuandika programu ya kukiendesha kwenye Linux, wala hawakuwa na nia hiyo. Katana alinisihi turudishe mfumo wa zamani, tufanye kazi. Nikakataa. Nilitaka kushinda! Nikatafuta mtandaoni hadi nikampata mtu wa mbali aliyejiandikia programu ya kisanduku kama changu. Nikaichukua, nikairekebisha, ikakataa, nikairekebisha tena. Siku taa ya kijani ya kisanduku ilipowaka na sauti ya Katana ikatoka safi kwenye spika, tulikumbatiana. Akaenda kununua viazi karai, tukala pale pale sakafuni. Akaniomba jambo moja tu: nisiiguse tena kompyuta ile mpaka kwaya yao irekodi.

Kwaya ilikuwa na haraka. Aliyeongoza nyimbo zao ni Kadzo, dada yake Katana, na alikuwa amepata kazi ya nyumbani Saudia. Walitaka sauti yake ibaki kwenye nyimbo zao kabla hajaondoka.

Asubuhi waliyokuja, mimi nikaigusa. Kompyuta ilinitangazia kwamba mfumo una matoleo mapya, nikakubali, nikitaka kila kitu kiwe kipya mbele ya wageni. Kumbe kiini cha mfumo kikabadilika, na programu yangu ilikuwa imejengwa kwa kile cha zamani. Kwaya ikaingia na sare zao, Kadzo akasimama mbele ya maikrofoni. Kisanduku, kimya.

Nikachomoa, nikachomeka. Mwalimu wa kwaya akauliza kwa upole kama kuna tatizo. Nikakumbuka kwamba jana yake Katana ndiye aliyefagia chumba.

"Katana," nikasema, watu wote wakisikia, "jana ulipofagia, hukukiangusha hiki?"

Akanitazama, kisha akakitazama kisanduku. "Nilikisogeza tu," akasema. "Labda nilikigonga mahali."

Basi ikawa yake. Mwalimu alimkemea kwa Kigiriama mbele ya dada yake. Sikuelewa yote, lakini nilimwona Katana akiinamisha kichwa. Nami niliyejua nilichokubali asubuhi ile, nikanyamaza.

Walipoondoka nikaizima kompyuta, nikaiwasha upya nikichagua kiini cha zamani, ambacho bado kilikuwemo. Taa ya kijani ikawaka. Wallahi walikuwa bado mjini! Walikuwa wameniambia wangepitia sokoni kumnunulia Kadzo begi la safari. Simu ilikuwa mkononi mwangu. Sikupiga, maana kupiga kungekuwa kukiri.

Kadzo akasafiri. Baada ya hapo Katana akaja na kinanda chake mwenyewe, akakiweka mezani, akasema ni badala ya kitu alichoniharibia. Nami nikakipokea! Kisanduku kizima kiko pale pembeni, nimekifunika kitambaa, na mkono wangu unapokea kinanda cha mtu.

Akaacha kupiga kanisani. Akahamia Magarini kwa mjomba wake, kulima. Kila nilipojaribu kurekodi watu, nilikuwa nikikisikia kisanduku kinavyofanya kazi vizuri, nikachukia hata kukitazama. Mwisho nikakipakia kinanda, nikamfuata Katana hadi shambani, nikamweleza yote.

Hakupaza sauti. Aliuliza swali moja: "Kilipowaka, sisi tulikuwa bado Malindi?"

Nikasema ndiyo.

"Kadzo aliniuliza kwenye simu kwa nini sikuwa mwangalifu," akasema. "Nikamwomba msamaha."

Akashika jembe, akarudi kwenye mstari wake. Nilipomwonyesha kinanda, akasema nikipeleke kanisani, yeye hakitaki tena. Nikakipeleka Vitengeni. Nikalazimika kumweleza mwalimu kwa nini ni mimi niliyekileta, na wanakwaya wamesimama wanasikiliza. Hakuna aliyenitukana. Walikipokea, wakafunga mlango. Katana simu zangu hapokei hadi leo, na chumbani kwangu haji mtu wa upande ule.

Wewe unayefanya kazi za watu kwa mashine, nisikilize. Ikikufia mbele yao, sema hujui. Usiangalie nani alikuwa karibu nayo, hasa akiwa mtu anayekuamini, maana huyo atakubali kosa lisilo lake. Na ukishagundua kwamba aliyekosea ni wewe, na uliowaumiza hawajafika mbali, toka uwakimbilie. Viatu utavaa njiani.