Kisima Kilicholala Mchangani

Ukimtembelea Susu Mbinya wa Mutiso, pale kilimani juu ya Sultan Hamud, atakupa maji kisha aketi akutazame mpaka umalize. Hata kama ametoka kulima mbaazi na midomo imempasuka kwa kiu, hatakunywa kabla yako. Mkaza mwana wake anadai bibi anaogopa kulogwa. Kina mama wa kanisa, ambao wakikupenda hukufanya malaika ukiwa bado unakohoa, wanasema ni unyenyekevu. Wote wamekosea. Ni wivu ulioleta tabia hiyo, na wivu wenyewe ulimwingia Mbinya akiwa msichana wa miaka kumi na miwili, amekaa mbele ya chungu cha muthokoi, mahindi yaliyokobolewa.

Alikuwa binti wa kwanza wa Mutiso, na kwa desturi ya Wakamba binti wa kwanza hupewa jina la mama wa baba yake. Basi mle bomani mlikuwa na Mbinya wawili, bibi na mjukuu. Mtoto wa namna hiyo hukua akijua kwamba susu, yaani bibi, ni wake, na wengine wanaazima tu. Miaka minne baadaye akazaliwa Nthenya, na huyo ndiye bibi aliyemshika mkono. Kila kiangazi kilipokaza, bibi alijifunga leso kiunoni, akachukua fimbo, akasema, "Nthenya, twende." Mbinya aliposimama, aliambiwa akae achunge chungu kisiungue.

Huko walikokwenda ni kwenye seng'enge ya mzungu. Bibi alikuwa akimwonyesha Nthenya kisima chake kwa kidole, kutoka mbali, kwa sababu ng'ambo ya ile seng'enge hakuruhusiwa kukanyaga.

Kisa cha kisima hicho kila mtu nyumbani alikijua. Bibi alikuwa kigoli wakati reli ilipopita ikielekea Nairobi, na alipoolewa alichimba kisima ndani ya mto wa mchanga ulio chini ya kilima. Mto wa namna hiyo hauna maji ya kuonekana ila siku chache za mvua. Ukikauka, unachimba mchangani mpaka maji yatokee, unazungushia miiba ng'ombe wasitumbukie, na mahali hapo ni pako. Wewe ndiwe unayesema nani anywe na nani angoje. Mvua ikirudi, mto unafurika na kufukia kila kitu. Hakuna anayelia. Kiangazi kikifika unarudi palepale, unachimba tena, na jirani hathubutu kupagusa. Bibi alikuwa amepanga duara la mawe chini kabisa, ili jembe lake limjulishe kila mwaka kwamba amefika nyumbani.

Sasa Bwana Miwani, kama watu walivyomwita yule mzungu, alikuja na karani wake wiki moja baada ya mafuriko. Ng'ombe walikuwa wamepelekwa milimani kwenye majani mapya, na mchanga ulikuwa umelala laini toka ukingo hadi ukingo. Alitembea mto mzima asione tundu hata moja. Akaandika kwamba hapa hapakai mtu, hapanyweshi mtu. Wenyewe waliporudi na mifugo walikuta vigingi. Mume wa bibi alikwenda kumweleza kwamba visima viko chini ya miguu yake. Bwana Miwani aliutazama mchanga, akamtazama mzee, akacheka. Ndivyo watu walivyosukumwa juu kilimani, kwenye mawe, na mbuzi wao walioingia mtoni wakakamatwa mpaka wakombolewe.

Bibi alikufa mwaka wa hamsini na moja. Siku zake za mwisho alimwita Nthenya peke yake, wakanong'ona asubuhi nzima. Mbinya alikuwa nje anakoroga uji wa mgonjwa. Uji ule ule, bibi aliunywa na kumsifu kwamba haukuwa na mabonge. Sifa gani hiyo! Mwenzake anarithishwa mto, yeye anasifiwa uji.

Wivu ukishapata pa kukaa hauhami. Nthenya alirefuka, akawa na shingo nzuri, akaolewa Kitui na msaidizi wa daktari aliyekuwa na baiskeli na maneno ya upole. Mbinya aliolewa Mbumbuni, ndoa ikamshinda, akarudi kwa baba yake na mwanawe Muli mgongoni. Yeye ndiye aliyewaosha wazazi wagonjwa na kuwazika. Lakini Nthenya akija mara moja kwa mwaka na kilo mbili za sukari, kijiji kizima kinatoka: "Nthenya wetu amekuja!" Hakuna aliyewahi kusema Mbinya wetu, labda kwa kuwa hakuwahi kwenda popote.

Jambo moja tu alilijua Mbinya ambalo Nthenya hakulijua. Mwaka wa hamsini na nne, alipokuwa amerudi nyumbani hana kitu, aliandikwa kibarua kwa Bwana Miwani. Mzungu alitaka ukuta wa kuzuia maji, na mawe aliyatafuta karibu. Kulikuwa na jiwe kubwa lililokaa peke yake katikati ya mto, lile ambalo nyumbani wote walijua bibi alilitumia kukumbuka kisima chake: hatua thelathini kushuka, upande wa mkono wa kulia. Walilipasua kwa baruti. Mbinya alivibeba vipande vyake kwa kamba ya kichwani wiki tatu, mpaka paji la uso likapata alama. Chini zaidi mtoni kulikuwa na jiwe jingine, dogo kuliko hilo. Tangu siku hiyo ndilo lililobaki, na watu wakazoea kuliita jiwe la mtoni, kana kwamba halikuwahi kuwapo jingine.

Mwaka wa sabini na mbili Bwana Miwani alikuwa amekwenda zake, na shamba likaletwa kugawiwa. Kamati ilitoa neno lililowatoa watu machozi: familia itakayoonyesha kisima cha zamani kuliko seng'enge itapewa kipande cha mtoni, mahali pake hasa. Wengine watapiga kura ya nyasi huko juu penye vumbi. Mbinya alikuwa amebeba maji akipanda kile kilima miaka kumi na minane. Kipande cha mtoni kilikuwa ndoto yake ya mchana na usiku.

Angeweza kwenda peke yake akasema, "Ni hapa." Lakini wazee walishaamua. "Aitwe Nthenya," walisema. "Yeye ndiye aliyeachiwa na bibi." Hawakumuuliza Mbinya hata kama ana jembe.

Nthenya alifika kutoka Kitui jioni, na asubuhi iliyofuata wakashuka mtoni pamoja. Alikuwa amebeba jembe begani na kibuyu kidogo kilichofungwa kwa kitambaa cheupe. Mbinya alikitambua, kilikuwa cha bibi. Kumbe hata kibuyu alipewa! Amekuja nacho ili anywe watu wakimtazama, alijisemea, na moyo ukamwasha kama amemeza pilipili.

Watu walikuwa wamejaa ukingoni. Mzee Ndululu, mwenyekiti wa kamati, alisimama na daftari lake akaeleza taratibu. Mbinya hakusikia hata neno. Alikuwa akiwahesabu wanawake waliomkumbatia dada yake.

Nthenya alikwenda moja kwa moja kwenye jiwe lile dogo. La bibi alikuwa ameliona utotoni kwa mbali tu, na sasa mtoni lilisimama hilo moja. Akalipa mgongo, akahesabu hatua thelathini kushuka, akahama kulia, akainua jembe.

Hapo ndipo Mbinya alipopaswa kufungua kinywa. Neno lenyewe lilikuwa fupi: siyo hilo. Badala yake alikaa kwenye kivuli cha mgunga, akanyoosha miguu. Alikuwa na mpango wake, na mpango huo ulikuwa mtamu kuliko asali ya Kitui. Acha achimbe. Acha ashindwe mbele ya wote hao wanaomwita wetu. Akishachoka na kunyanyua mikono, Mbinya atainuka polepole, apite katikati ya watu, aende mahali penyewe na kusema, "Ni hapa." Kisha waone bibi aliacha nini, na aliyekijua ni nani.

Nthenya alichimba mpaka magotini, mpaka kiunoni, mpaka kifuani. Mchanga ulikuwa na unyevu lakini jembe halikugonga jiwe. Kuishi na msaidizi wa daktari kulikuwa kumemlainisha viganja, na damu ikaanza kupaka mpini. Watu waliacha kuzungumza. Mara mbili aliinua uso akamtafuta dada yake kwa macho, na mara mbili Mbinya akajifanya anatoa mwiba mguuni. Alisikia raha. Tusimpake mafuta, alisikia raha kweli.

Jua lilipofika utosini, Mzee Ndululu aliingia mtoni, akachungulia lile tundu, akafunga daftari. "Basi, mama. Toka. Hakuna duara la mawe hapa. Kwa kina Mutiso imeisha. Jamaa ya Kisilu, mko tayari?"

Mbinya aliruka kutoka kivulini. "Ngojeni! Si hapo! Hilo jiwe si lenyewe, lile la bibi lilivunjwa na mzungu! Mimi mwenyewe nililibeba!"

Ndululu alimtazama kwa uchovu. "Mama Muli, nilisema asubuhi, kila familia tundu moja. Mchanga huu ukichimbwa huku na huku utatoa maji popote. Kila mtu atasema ni kwa babu yake."

"Lakini mimi najua pahali!"

"Unajua tangu lini?"

Mbinya alinyoosha kidole juu ya mto, kwenye vigae vya jiwe.

"Ulikuwa umekaa hapo chini ya mti tangu saa mbili," alisema Ndululu. "Ukamtazama mwenzako akichimba. Sasa ati ndio umekumbuka? Hapana, mama. Nimeshaandika." Akageuka, na watu wakamfuata kule kwa kina Kisilu, kwenye kona ya mto.

Walibaki wawili. Nthenya alikuwa amekaa kwenye ukingo wa tundu lake, viganja vimefunguka mapajani. Mbinya alilichukua jembe, akapanda mto mpaka pale ambapo mchanga bado ulikuwa na vigae vya jiwe lililopasuliwa. Akageuka, akahesabu hatua thelathini, akahama kulia. Alichimba kama mwizi anayefukua alichokiiba, bila kupumzika, akilia na kujitukana kwa Kikamba. Alipofika kiunoni jembe liligonga. Alipiga magoti akafukua kwa mikono. Jiwe la kwanza, la pili, la tatu, yamepangana kwa duara kama yalivyoachwa miaka sitini iliyopita. Maji yakaanza kupanda katikati yake taratibu, masafi.

Aliposikia hatua nyuma yake hakuthubutu kuinua kichwa.

"Kwa hivyo uliniona tangu mwanzo," alisema Nthenya.

"Nilitaka ushindwe kidogo tu," alisema Mbinya. "Kisha niwaonyeshe. Sikujua watafunga daftari. Nthenya, mimi nilikuwa wa jina lake, na yeye akakupa wewe kila kitu. Kila kitu! Mimi nikaachiwa chungu."

Nthenya alichuchumaa akaanza kufungua kile kitambaa cheupe. Vidole vilikuwa vinamuuma na fundo lilichukua muda.

"Susu aliniambia hivi," alisema. "Mwenye jina langu hachimbi. Kisima ni chake tangu siku alipozaliwa, na mwenye kisima hachafui mikono siku ya kukifungua. Wewe utamchimbia. Ukishafika kwa mawe, teka kwa kibuyu hiki, umpe anywe wa kwanza, ndipo wengine wanywe. Na usimwambie kabla, asije akajivuna." Alicheka kidogo bila furaha. "Ndio nilikuwa nakuangalia pale juani, dada. Nilikuwa naogopa usije ukaondoka kabla sijakupa."

Kutoka kona ya mto ulisikika mlio wa wanawake, wakipiga vigelegele. Jamaa ya Kisilu walikuwa wameona kisima chao.

Nthenya aliingiza kibuyu majini, kikabubujika, kikajaa. Damu ya kiganja chake ilipaka shingo ya kibuyu. Alikinyoosha kwa mikono miwili, kama mtu anayempa mkubwa wake.

"Kunywa," alisema. "Nimeagizwa."

Mbinya alikipokea. Kisha akamnyooshea.

"Anza wewe," alisema.

Nthenya hakukipokea.