Sauti ya Sabeti

Ipo siku moja ambayo kumbukumbu yangu imekataa kuiachia, mwanangu Nekesa. Ni siku niliyokataliwa uchumba kwa sababu ya sauti yangu.

Nakuandikia badala ya kukusimulia, maana mimi nikisimulia kwa mdomo watu hudhani naigiza. Tena ulipokuja hapa Al Wakrah, Qatar, Ijumaa, binti yangu alikuwa zamuni hospitalini na wajukuu walikuwa wamegeuza sebule kiwanja cha mpira. Ukaniambia, chai yako ikipoa, kwamba mama yake Kevin, mchumba wako, ameona zile video mnazorekodi na wenzako wa hoteli siku ya mapumziko, ambamo wewe ndiye madam mwenye kiburi anayemfokea msichana wa kazi.

"Shosho, amemwambia Kevo mimi ni mtu wa madharau," ulisema, ukiniita bibi kama kawaida yako. "Ati mtu kama mimi hawezi kuingia kwake. Na Kevo naye anasema nichague, ni yeye ama video. Wacha nizifute zote, khalas, yaishe."

Sipendi kumjibu mtu akiwa analia, huondoka na nusu ya jibu.

Enzi zangu, redio ndiyo iliyotawala nyumba. Jumatano jioni mchezo wetu ulipoanza, aliyekuwa hana betri alihamia kwa jirani, na aliyekuwa anasonga ugali aliuacha uungue. Mimi niliigiza Sabeti, mke anayemtesa mama mkwe wake. Sabeti alificha nyama kabatini, akampa mama wa watu mchuzi mtupu, halafu akamuuliza kwa upole, "Mama, umeshiba?" Nilimpenda sana Sabeti. Kazi ile niliipenda kuliko kazi yoyote niliyofanya baadaye, na binti yangu analijua hilo wala halimsumbui.

Tulisimama wote mbele ya maikrofoni moja, karatasi mkononi. Ukimaliza ukurasa unauachia uteleze taratibu hadi kwenye zulia, maana ukiukunja tu, nchi nzima inasikia. Makofi ya Sabeti kwa mama mkwe yalitoka kwenye paja la Mzee Kibwana, mkubwa wetu, aliyeigiza mlevi na hakuwahi kuonja pombe maishani. Alijipiga mwenyewe, kisha akaendelea kulewa.

Sura zetu hakuna aliyezijua. Sokoni nilijifunza kuonyesha nyanya kwa kidole, kwa sababu nikifungua mdomo tu, muuzaji ananiuliza mama mkwe amekula nini leo. Nilicheka na kwenda zangu. Nilikuwa kijana, na kutukanwa namna ile niliona ni kusifiwa.

Basi nikachumbiwa na Daudi, mwalimu wa shule ya msingi, kijana mtaratibu. Akanipeleka Nakuru kwa mama yake. Nilivaa kitenge kipya, nikabeba sukari na majani ya chai, nikaingia na kusalimia vizuri. Yule mama akanikaribisha, akaanza kunimiminia chai. Nikaona sahani yake iko tupu, na kwa nia njema kabisa nikamuuliza, "Mama, umeshiba?"

Birika ilisimama hewani. Akanitazama, akamtazama mwanawe.

"Daudi," akasema, "umeniletea Sabeti."

Njiani kurudi Nairobi Daudi akaniambia niache redio, la sivyo harusi hakuna. Mimi nilimtaka Daudi, na redio pia sikutaka kuiacha. Nikajifanya mjanja. Nikabaki kazini, lakini nikaanza kumlainisha Sabeti. Maneno yalikuwa yaleyale ya kwenye karatasi, ila mtu wa redio anaweza kusema "toka hapa" ikasikika kama "karibu". Jumatano ile Sabeti alimnyima mama wa watu chakula kwa huruma nyingi ajabu.

Tulipomaliza, Mzee Kibwana akanifuata kwenye korido.

"Binti, leo umemwigiza nani?"

"Sabeti, baba."

"Hapana. Leo umemwigiza mchumba wa mtu."

Nikamweleza yote. Akasikiliza, kisha akasema, "Kama unataka wakupende, nenda kwao ukapendwe. Hapa njoo ufanye kazi."

Niliudhika, tena sana. Lakini Jumamosi nilipanda gari peke yangu hadi Nakuru, nikamkuta mama yake Daudi amekaa uani na ungo wa maharagwe. Nikaketi, nikachambua maharagwe pamoja naye hadi yakakaribia kuisha. Yeye ndiye aliyeanza kuongea.

"Mbona Jumatano redioni ulikuwa mpole?"

Nikaendelea kuchambua.

"Naishi hapa na mke wa mwanangu mkubwa," akasema, sauti chini. "Jumatano yeye hukaa pale karibu na redio. Ukimtesa yule mama yako wa redioni, huyu mke wa hapa hutazama sakafu kwa aibu, na kesho yake mimi nakula vizuri. Jumatano hii ukamtesa kwa kumbembeleza, naye akaona kumbe si jambo baya. Tangu Alhamisi nashinda na chai ya rangi."

"Mama, mimi nilidhani unanichukia."

"Niliogopa kuwa na wakamwana wawili wa namna hiyo," akasema. "Sasa nimekuona. Rudi ukamtese yule mama sawasawa."

Nilicheka hadi nikalia. Jumatano iliyofuata nilikuwa mbaya hata mimi mwenyewe nikajiogopa, na Mzee Kibwana alijipiga paja likavimba.

Mama akamwambia Daudi anilete nyumbani, amenikubali. Daudi akakataa. Hapo ndipo nilipoelewa. Kumbe walimu wenzake walikuwa wakimwita mume wa Sabeti, naye alikuwa amejificha nyuma ya mama yake siku zote hizo. Tukaachana. Leo hainiumi, lakini wakati ule iliniuma sana, na sitakudanganya kwamba ilipita upesi. Baadaye niliolewa na fundi mitambo wa studio, Mungu amrehemu, ambaye alishinda na sauti yangu masikioni mchana kutwa na hakuwahi kunichanganya na Sabeti.

Sasa jibu lako, mwanangu. Usifute kitu kwa ajili ya mama ambaye hajawahi kusikia kwako neno lolote isipokuwa la madam. Mpigie simu. Usimtume Kevin akusemee. Mwache azungumze, umsikilize, kwa sababu huwezi kujua yule madam anamkumbusha nani. Pengine hamkumbushi mtu, hakupendi tu. Hilo nalo ni vizuri ulijue mapema.

Ukimaliza na mama, mgeukie Kevin. Muulize, mama yako akinikubali, wewe utanikubali na video zangu? Usimsaidie kujibu. Kama hofu ni ya mama, msubirini pamoja. Kama aibu ni yake, mwache aende, ulie unavyotaka, kisha urudi kazini.

Ukichoka na kuigiza, acha, ni haki yako. Ila usimlainishe madam ukaniambia bado unaigiza. Katika majumba ya mji huu wapo wasichana wa kazi wanaomtazama usiku wakicheka na mto mdomoni, wasisikike. Hao hawahitaji madam mpole wa kuigiza.

Mungu akupe koo lisilokauka, mwanangu. Akupe na nyumba ambayo ukifika mlangoni hutalazimika kushusha sauti.