Asali Niliyomlisha Mke Wangu

Shida ilinianza mwaka 1983, nikiwa na miaka thelathini na mmoja. Shule niliishia darasa la pili, lakini kwenye shamba la ngano la serikali kule Hanang nilikuwa dereva wa trekta, na waliosoma kunizidi walinibebea mitungi ya dizeli. Nasema ukweli.

Tulikuwa tumehama Maretadu, tunakaa Gendabi. Mke wangu akaanza kukohoa. Zahanati wakasema ni TB, wakamwanzishia sindano za kila siku. Mganga wa pale akaniambia, "Apate chakula kizuri, chenye nguvu."

Mimi si mtu wa kulisha mgonjwa uji mtupu. Nikatoa ndama kwa jirani yetu mfugaji, mwenye mizinga ya nyuki, akawa ananiletea asali. Kikombe asubuhi, kikombe jioni, ndani ya maziwa.

"Shemeji," jirani akanicheka, "huyu unamtibu au unamgeuza mzinga?"

"Mwache," mke wangu akajibu. "Nikinenepa atanilimisha hadi jioni."

Hakunenepa. Alikula kama ng'ombe wa plau na bado akakonda. Maji alikunywa ndoo kwa ndoo. Nyuma ya nyumba, pale alipokojoa, sisimizi walikuja kwa mistari. Niliwaona. Nikamwaga majivu, nikaenda kazini.

Jembe lilimkata mguuni, kidonda kikakataa kukauka. Sindano zikaisha, kikohozi kikabaki. Nikaongeza asali.

Mwishowe lori la shamba likatupeleka hospitali. Daktari akapima mkojo, akaniita pembeni.

"Kaka, unamlisha nini?"

"Asali, daktari. Tena nyingi." Nilijibu kwa kujisifu.

Akaniketisha kwenye benchi. Kisha akanieleza kwamba ana ugonjwa wa sukari: imejaa kwenye damu hadi inatoka na mkojo, lakini mwili hauwezi kuitumia. Askari wa mwili wanaopigana na TB wamezungukwa na chakula na bado wana njaa, wamelegea, na dawa ya TB haiwezi kupigana peke yake. Hilo nililielewa upesi kuliko alivyodhani. Tangi limejaa dizeli, bomba limeziba, injini inazima, nikamwambia.

"Basi zibua," nikaongeza.

"Dawa ya kuzibua ndiyo imekwisha. Hatujui italetwa lini."

Tukakaa wodini, tunasubiri. Siku moja mke wangu akanishika mkono. "Baba watoto, nipe asali kidogo tu. Kijiko kimoja."

Nikamnyima. Tangu nimwoe sikuwa nimemnyima kitu. Alikufa ngano ikivunwa, dawa haijafika.

Watu wananifariji kwamba sikujua. Mimi niliona, nikamwaga majivu.

Leo nina ekari kumi na mbili, ng'ombe tisa, nyumba ya bati, mashine ya kusaga mahindi, na sukari yangu mwenyewe, waliyoipima mwaka juzi. Mguu wa kushoto una kidonda. Hakijakauka.