Safari ya Saa Moja Inayommaliza Mume Wangu Siku Nzima

Admin, nifichie jina tafadhali, Waswahili wa Sydney tunajuana. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na minne, kwetu Tanga, kazi yangu ni kuhudumia wazee hapa mtaa wa St Marys. Nina mume na binti mmoja, Nasra, ana miaka saba.

Mume wangu ni fundi wa mashine katika kampuni moja ya Ingleburn, huku huku Sydney. Tangu mwaka jana ananiambia kampuni inamtuma Singapo, kisha anapanda ndege nyingine kwenda Kuala Lumpur. Siku ya ndege hiyo ya pili ndiyo inayonitesa. Simu inazimwa asubuhi, nampata magharibi, sauti imechoka kama mtu aliyeshinda akibeba magunia. "Masaa saba hewani si mchezo, mama Nasra," huniambia. Nami nampa pole. Sijawahi kufika huko, ningejuaje?

Juzi juzi, wakati wa chai kazini, nikamsimulia mwenzangu Siti, ambaye ni Mmalesia. Alicheka mpaka akashika meza. "Masaa saba? Dada, ile ni saa moja tu! Hujamaliza maji yako, unaambiwa funga mkanda tunatua." Nikaangalia kwenye simu: kilomita kama mia tatu. Hata basi la Tanga kwenda Dar linakwenda mbali zaidi. Chai ikanishinda.

Nikaanza kunusa mashati ya mume wangu, kuchungulia meseji, kuhesabu kila anapotoka nje kupokea simu. Nilishaamini ana mwanamke Kuala Lumpur, na nilishampa sura na urefu, jina tu ndilo lililobaki. Safari iliyofuata nikamuuliza kwa upole, "Leo mmechukua muda gani?" Akajibu bila hata kusita, "Yale yale, saba."

Jumamosi alirudi. Nikipekua mifuko ya suruali kabla ya kufua, nikatoa utepe wa plastiki uliokatwa kwa mkasi. Naujua vizuri, wazee wetu wakitoka hospitali huja nao mkononi. Jina la hospitali ya Kuala Lumpur. Tarehe ya siku ileile ya "masaa saba".

Nikamfuata sebuleni. "Baba Nasra, hiki nini?"

Akakitazama. "Cha mwenzangu wa kazini, alizimia."

"Mwenzako ana jina lako? Alizaliwa siku uliyozaliwa wewe?"

Akaninyang'anya, akakitia mfukoni. "Niache kwanza. Nikimaliza nitakwambia."

"Ukimaliza nini?"

Akainuka, akaenda kuoga. Wiki ijayo anasafiri tena.

Ndugu zangu, angekuwa mwanamke mwenzangu ningejua pa kumshikia. Hili silijui. Anaumwa? Ameuza kiungo cha mwili wake? Na kwa nini aende kutibiwa nchi ya watu ilhali hapa tuna hospitali? Nimpigie simu bosi wake nihatarishe kazi yake, nikate tiketi nimfuate, au ninyamaze mpaka "amalize"? Nisaidieni mawazo, maana kichwa changu kimefika mwisho.