Siku Niliyomsomea Mzee Shabani Wasifu

Jamani, kuna aibu ukiikumbuka unajifunika shuka hata kama uko peke yako, na mimi yangu niliipatia Muaither, pembeni ya Doha, Ijumaa mchana, mbele ya Waswahili wote wa kambi yetu ya wafanyakazi, nikiwa nimevaa koti la kuazima.

Tulikuwa tunamuaga Mzee Shabani, mpishi wetu, anarudi Tanga moja kwa moja baada ya miaka mingi Doha. Mimi nilipofika simjui mtu, mshahara bado, yeye ndiye aliyekuwa ananipakulia bila kuniuliza neno, kwa hiyo waliposema asomewe wasifu nikadakia mimi. Akanivuta pembeni: "Hapo kwenye elimu ruka, mwanangu. Watoto wangu wanajua nilimaliza la saba. Mimi niliishia la nne."

Sasa mie hotuba sijawahi kuandika (kulinda geti hakutaki insha), ila kwenye simu nilikuwa na wasifu niliousoma kwenye msiba wa baba mdogo, nikabadilisha majina, basi. Kufika kwenye elimu nikaona kuruka ni kama kumwonea haya mtu aliyenilisha, nikaliweka la nne lake na kulipamba kwa wakubwa niliowasoma mtandaoni.

Nikashika maiki. "Marehemu alisoma hadi darasa la nne," nikasoma (hilo "marehemu" wallahi sikuliona lilivyobaki), na watu walipoanza kugunaguna nikadhani wanamdharau mzee, nikapandisha sauti: "Lakini yule Mmarekani wa taa za umeme alikaa shule miezi michache tu! Na yule rais wao aliyewaachia huru watumwa, masomo yake yote ukiyajumlisha hayafiki mwaka! Naye mzee wetu ametangulia mbele ya haki!" (Huo nao mstari wa msibani, nikausoma bila kufikiri.)

Supavaiza wetu, Mkenya, akapiga kelele: "Buda, unazika mzee na bado anakula pilau!" Ukumbi ukaangua kicheko, na katikati ya kicheko nikasikia kilio kinatoka mezani, kumbe simu ya mzee iko hewani, mkewe na watoto wanasikiliza kutoka Tanga.

"Nipo! Mzima mimi!" Mzee akaikwapua simu. Kilio kikakatika, akaja bintiye ambaye ni muuguzi, spika bado imewashwa: "Baba, eti darasa la nne?"

Nilitamani ardhi ipasuke initie ndani. Mzee akanitazama, akainamia sahani yake.

"Ndiyo, mwanangu. La nne."

"Na la nne hilo ndilo lililonifikisha mimi chuo? Ahsante, baba. Ahsante sana."

Mzee alilia mbele yetu bila kujificha, nami nikalia naye mpaka koti la watu likalowa. Kisha akaninyang'anya sahani, akanijazia mwenyewe, nyama juu ya nyama: "Kula, wewe uliyenizika."

Namshukuru Mungu kwa chakula chake chote, na kwamba alisikia ahsante ile kwa masikio yake. Ila wasifu sisomi tena, hata mwenyewe awe amekufa kweli, atafutwe mwingine.